Namba ya Mama Fredy

Pale machimboni Mwagimagi, nje kidogo ya barabara ya Ushirombo, mtu alipolipa dagaa kwa simu, Lusia, ambaye wenzake humwita Mama Edson, hakuhangaika kutazama simu yake. Aliinua shingo, akatazama ng'ambo ya njia kwenye kibaraza cha Melania, fundi cherehani, na kuuliza kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe: "Imefika?" Melania, miguu ikiendelea kukanyaga cherehani, alichungulia simu iliyolala ndani ya kopo la vifungo, kisha akajibu: "Imefika." Hapo ndipo mteja alipokabidhiwa dagaa wake.

Ilikuwa hivyohivyo kwa Agnetha, aliyepika wali na maharage kwenye kibanda cha mabati upande wa kushoto, na kwa Paskalia, aliyewauzia wachimbaji tochi, glavu na mabuti ya mpira upande wa kulia. Vibanda vilikuwa vinne, namba ya malipo moja. Ilichorwa kwa rangi nyekundu kwenye kila kibanda, na kwa Agnetha ilichorwa hadi kwenye mfuniko wa sufuria, maana Agnetha akiamua jambo hana breki. Namba ilikuwa ya Melania. Jioni, karasha za kusaga mawe zikishanyamaza, wenzake walikuja kibarazani, akamkabidhi kila mmoja chake, wakakaa wakipiga soga mpaka giza linaingia. Haikuwahi kutokea mtu akanung'unika. Ungewaambia kwamba wanafanya jambo la ajabu, wangekushangaa wewe.

Melania aliipenda kazi ile kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Alikuwa mjane. Mwanawe Fredy, ambaye kwa jina lake watu walimwita Mama Fredy, alikuwa Mwanza na kupiga simu alipiga alipokumbuka. Lakini mlio wa lile kopo ulimweleza mengi. Malipo madogomadogo yakifuatana asubuhi, alijua chai na chapati za Agnetha ziko mezani. Yakiingia makubwa kwa mpigo, alijua kuna shimo limetoa dhahabu na vijana wanabadilisha mabuti. Na ikiwa jua limepanda na Lusia hajauliza "Imefika?" hata mara moja, Melania aliiacha nguo ya mtu palepale, akavuka njia kwenda kuona kama mgongo umemshika tena. Aliwapenda wanawake wale, na ule mlio ndio uliomwambia kutwa nzima kwamba wapo.

Mambo yalianza kwa vidole. Wote wanne walifika machimboni wakiwa waponda mawe, kila mmoja na nyundo yake na mwamvuli uliochanika. Kifua cha Melania kilikataa vumbi mapema, akaenda kujifunza ushonaji kwa masista wa Ushirombo. Wenzake waliendelea kuponda, na Lusia hadi leo huponda asubuhi kabla ya kufungua kibanda, kwa sababu anasema mikono yake haijui kukaa. Siku moja akaja kijana wa kusajili namba za malipo, na kimashine chake cha kusoma alama za vidole. Vitambulisho vya taifa wote walikuwa navyo, lakini kimashine kilitaka kidole. Gumba la Agnetha likakataliwa, na la Paskalia vilevile. La Lusia lilikataliwa tena na tena, likapanguswa, likabandikwa upya, hadi yule kijana, ambaye alikuwa anawahi gari, akasema kwa mzaha kwamba mashine haimwoni kama mtu. Nyundo ilikuwa imewasugua vidole vikawa laini kama sabuni ya jana. Cha Melania, kilichokuwa kimepumzika miaka kwenye cherehani, kikapita mara moja.

"Basi andika kwangu," Melania alisema. "Tutagawana."

Kijana akaandika. Kwa kuwa mtandao ulidai pia namba ya mlipakodi, akamjazia na hiyo, kwa kidole kilekile, akadandia gari lake akaondoka. Agnetha na Paskalia walicheka, wakasahau. Lusia hakusahau. Tangu siku ile, popote ilipotajwa shughuli ya kuweka kidole, aliingiza mikono ndani ya kitenge na kusema ana kazi nyumbani.

Kila mwaka Melania alilipa kodi yake ndogo ya ufundi, akapata risiti yake, akaridhika. Hakuna aliyewaza kwamba kodi na namba ile nyekundu vinahusiana; kodi ilikuwa mambo ya ofisi, namba ilikuwa mambo ya simu. Ila mitandao hiyo miwili, wa simu na wa kodi, ikaja ikaanza kuongea yenyewe kwa yenyewe. Ukaingia ujumbe kwenye kopo la vifungo ukimweleza Melania makadirio yake mapya ya kodi, tarakimu zimejipanga mpaka zimemaliza mstari. Melania alicheka. Alijua ni wale matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii." Akaufuta. Ukaja mwingine, akaufuta nao, akawaonya wenzake kwamba matapeli wamerudi na safari hii wanajifanya serikali.

Wiki iliyofuata akaja afisa wa mapato mwenyewe, kijana mpole aitwaye Theonest, akiwa na pikipiki, kishikwambi mkononi. Alikuwa anatafuta duka la jumla la Melania Nkwabi. Alipita njia ile kwenda juu, akarudi chini, akatazama huku na huku kama mtu aliyepoteza ndama. Ghala hakuliona. Kilichokuwepo ni wali, dagaa, mabuti na mwanamke anayepanua kiuno cha suruali ya mtu mnene. Mwishowe akachoka, akaingia kwa Agnetha kunywa chai.

Alilipa kwa simu. Agnetha akaita ng'ambo: "Imefika?" Ikajibiwa: "Imefika." Theonest akalisoma jina la mlipwaji kwenye simu yake, kisha akamwuliza Agnetha kama yeye ndiye Melania Nkwabi. Agnetha akacheka sana. Kijana akatoka, akasogea kwa Paskalia, akanunua betri asizozihitaji, akalipa. "Imefika?" "Imefika." Jina likawa lilelile. Akasimama katikati ya njia, anatazama namba nyekundu moja baada ya nyingine, na polepole uso wake ukaanza kuelewa. Agnetha, aliyekuwa akimfuatilia muda wote, akamwonyesha kibaraza kwa mwiko.

"Shikamoo, mama," Theonest alisema.

"Marahaba, mwanangu. Suruali au shati?"

Alikaa kwenye kigoda cha wateja, akamweleza taratibu. Kwenye mtandao wa mapato, Melania Nkwabi alikuwa mfanyabiashara mkubwa. Alikuwa na mgahawa, anauza vifaa vya uchimbaji, anauza samaki, anashona, na fedha zinaingia kutwa bila kukatika. Kwa mtu wa namna hiyo, makadirio yale yalikuwa ya haki. Melania alijibu kwamba fedha zile si zake, zinapita tu. Theonest akasema amekwisha kuliona hilo kwa macho yake, na kwamba akiwa kibarazani pale analiamini kabisa, ila akirudi ofisini hana pa kuliandika bila wenye fedha kujitokeza.

Kisha akasema jambo ambalo Melania hakulitegemea. Alisema serikali nayo inapunjika. "Mnaomba choo cha soko mwaka wa ngapi sasa? Wenye kupanga wanafungua mtandao, wanauliza Mwagimagi kuna wafanyabiashara wangapi. Wanamwona mmoja. Nani atamjengea mtu mmoja choo cha soko, mama?"

Akampa mpaka Ijumaa. Aje ofisini Ushirombo na wenzake, kila mmoja na kitambulisho chake na kidole chake. Wasipokuja, makadirio yatabaki yalivyo, na hapo si yeye tena atakayekuja, ni wenye kukamata mali. Alilisema hilo huku akiangalia chini, akaaga kwa adabu.

Jioni wenzake walipouliza habari za yule kijana, Melania alisema alikuwa anaulizia suti ya harusi. Paskalia akataka kujua bibi harusi ni wa wapi, na Melania, aliyekuwa hajazoea uongo, akajikuta amemtunga binti wa Tinde mwenye baba mkali. Usiku alijilaumu. Agnetha angekwenda Ushirombo hata kesho. Paskalia angelalamika njia nzima, lakini angekwenda. Tatizo lilikuwa Lusia. Melania aliiona ile mikono ikizama ndani ya kitenge, akamwona rafiki yake akisimamishwa mbele ya kimashine ofisini, watu nyuma yake wanangoja, na kimashine kinamkana tena. Hakuwa tayari kumpeleka kwenye aibu ile. Na chini ya sababu hiyo kulikuwa na nyingine, ambayo hakupenda hata kuitazama: kila mtu akipata namba yake, kopo la vifungo litanyamaza.

Basi akaamua kulibeba peke yake. Kiwanja alichoachiwa na marehemu mumewe kingepata mnunuzi, na fedha zilizopungua angezijazia kwa kuuza cherehani.

Alimwita Altaf, mwenye duka la vitambaa Nyahanga mjini Kahama, ambaye kwao wameuza vitambaa tangu babu yake na ambaye ndiye aliyemuuzia Melania cherehani ile. Altaf alikuja na gari lake la mizigo. Akazungusha gurudumu, akasikiliza, akaipapasa meza ilipochakaa kwa viwiko vya Melania. Halafu akarudisha mkono mfukoni. Altaf ni mtu wa sauti kubwa hata anaponong'ona, na siku hiyo hakunong'ona.

"Mama Fredy, mimi nikikununulia hii nitakuwa nimenunua mguu wako. Nani anakudai?"

Ng'ambo ya njia, mizani ya dagaa ilitua mezani. Lusia alivuka bila kufuta mikono. Alimsalimia Altaf, akamwomba awaache kidogo, na Altaf akaenda kwa Agnetha kula, maana hakuwahi kufika Mwagimagi akaondoka bila kula.

"Cherehani inakwenda wapi, mayu?" Lusia aliuliza, akimwita mama kwa lugha ya kwao.

Melania alijaribu kusema macho yamechoka, akili inataka kupumzika. Wamepondea mawe chini ya mwamvuli mmoja wanawake hawa, na kudanganyana walishashindwa zamani. Melania akaeleza yote, ujumbe alioufuta, kijana wa kishikwambi, Ijumaa, kiwanja. Machozi yalimtoka, akayaacha. Alipofika kwenye habari ya kidole alisita, kisha akaisema nayo.

Lusia alivuta kigoda, akakaa. Alipoongea, sauti yake ya kuitia ng'ombe ilikuwa imeshuka kabisa.

"Kwa hiyo uuze mguu wako ili kidole changu kisiaibike."

"Niliona ulivyoificha mikono siku ile."

"Mikono ni yangu, Mama Fredy. Kama ni kuaibika, acha niaibike nayo mwenyewe. Lakini ukiuza hicho kitu, sitakaa kibarazani kwako tena, na sitanii."

Ijumaa walifunga vibanda vyote vinne, jambo ambalo wachimbaji walilichukulia kama msiba na wakaja kuuliza nani amefariki. Agnetha alivaa gauni la Krismasi. Paskalia alilalamika njia nzima kama ilivyotarajiwa, kwanza nauli, kisha vumbi, kisha kodi ambayo hata bado hajaambiwa. Lusia alikuwa amepaka mikono mafuta ya samli tangu jana yake, na gari zima lilikuwa linanukia.

Ofisini Theonest aliwapokea kwa shikamoo nyingi, akawakalisha. Agnetha aliweka gumba, mashine ikalia, jina lake likatokea. Alikuwa ameacha kuponda mawe muda mrefu na ngozi ilikuwa imerudi bila yeye kujua. Paskalia naye akapita, akaonekana kama ameudhika kidogo. Halafu ikawa zamu ya Lusia.

Gumba la kulia lilikataliwa. Theonest alimpangusa samli kwa kitambaa kibichi, akajaribu la kushoto. Likakataliwa. Kidole cha shahada kikakataliwa, cha kati kikakataliwa. Lusia alitaka kuurudisha mkono ndani ya kitenge, na Melania, aliyesimama nyuma yake, akamshika kiwiko. Hakumvuta wala hakumsukuma, alimshika tu.

Theonest aliuliza, kwa upole na kwa udadisi wa kweli, siku ile ya usajili yule kijana alijaribu vidole vipi. Lusia akasema gumba tu. Wakati wa kuandikishwa kitambulisho je? Lusia akafikiri, akasema walichukua vyote kumi.

"Basi mama, tuvijaribu vyote kumi. Nyundo huwa unaishikaje?"

Lusia alikunja ngumi kama anayeishika nyundo. Vidole vyote vilijifunga kwenye mpini wa hewani, isipokuwa kile cha mwisho, kidogo kuliko vyote, kilichosimama pembeni. Ndivyo alivyoshika nyundo maisha yake yote. Melania alikuwa amemtania kwa kidole kile miaka mingi, akisema Lusia anaponda mawe kama bibi harusi anayekunywa soda.

Theonest akakichukua kidole kile, akakiweka juu ya kioo. Mashine ikalia. Kwenye kishikwambi likatokea jina, Lusia Maganga, na picha yake ya miaka ile akiwa mwembamba na amekunja uso.

Hakuna aliyeshangilia. Lusia aliitazama picha, akamwomba kijana alisome jina kwa sauti. Akalisoma. Akamwomba alisome tena.

"Kwa hiyo nimo," alisema.

"Umo, mama. Ulikuwemo siku zote."

Hesabu zikapangwa upya, kila mtu na yake. Ya Melania ikarudi kuwa ya fundi cherehani. Ya Agnetha ilikuwa ya kawaida, ya Paskalia ikawa kubwa kuliko zote, akapata kitu cha kulalamikia mpaka Mwagimagi. Ya Lusia ilikuwa ndogo kuliko zote, naye ndiye aliyeilipa hapohapo, akaikunja risiti na kuiweka kifuani. Theonest alikiri huku akicheka kwamba mfanyabiashara wake mkubwa ameyeyuka, na bosi wake atauliza fedha za mtu yule zimekwenda wapi. Atamjibu kwamba mtu yule hakuwepo, na kwamba hawa wanne wapo na mwakani watakuwepo. Walipokuwa wakitoka, Agnetha alirudi mlangoni kumkumbusha habari ya choo.

Rangi nyekundu ikafutwa, zikachorwa namba nne tofauti. Agnetha alibadilisha mfuniko mzima.

Jumatatu Melania alikaa kwenye cherehani yake, kiwanja chake kipo, deni hana, na moyo wake ulikuwa mzito. Njia ilikuwa na watu kama kawaida. Aliwaona wateja wa Agnetha wakilipa na kuondoka, vijana wakijaribisha mabuti kwa Paskalia. Kila mmoja sasa alichungulia simu yake mwenyewe. Kopo la vifungo halikulia. Mara mbili aliitoa simu kuona kama ina chaji, na ilikuwa nayo. Alijua kilichofanyika ni haki, na alikuwa amemwona Lusia akitembea tangu Ijumaa kama mtu aliyeongezwa urefu, na furaha hiyo alikuwa nayo kweli. Lakini alipewa upweke pamoja nayo, na hakujua auweke wapi. Akaishona suruali ya watu, akaikosea, akaifumua.

Jua lilikuwa limeanza kushuka kopo lilipolia.

Melania aliitoa simu kati ya vifungo. Fedha kidogo, haitoshi hata uzi, imetoka kwa Lusia Maganga. Hakuwa amemshonea Lusia kitu chochote. Akainua uso. Ng'ambo ya njia Lusia alikuwa amesimama nyuma ya dagaa wake, simu mkononi, kile kidole cha mwisho kimesimama pembeni.

"Imefika?" Lusia aliita, kwa ile sauti yake yote.

"Imefika, Mama Edson," Melania alijibu. "Ya nini?"

"Ya kukusalimia. Wamenikata na tozo juu, kwa hiyo serikali nayo tumeisalimia."

Melania alicheka huku akifuta macho kwa suruali ya mteja. Kabla hajaiweka chini, kopo likalia tena. Upande wa kushoto Agnetha alikuwa ametoka nje ya kibanda, mwiko mkono mmoja na simu mkono mwingine, ameshafungua mdomo kuuliza.